Nani afunguliwe bwalo baada ya kengele?

Katika mji mdogo wa Milford, jimbo la New York, masomo yalikuwa yakiisha saa tisa kasoro dakika nne alasiri. Mwaka 1996 mchungaji mmoja na mkewe, wakazi wa hapo, waliomba bwalo la shule ya umma ili waendeshe klabu ya watoto kila wiki baada ya masomo. Iliitwa Good News Club, na ilikuwa ya watoto wa miaka 6 hadi 12. Mwalimu wa klabu huita majina, na mtoto anayeitwa akikariri aya ya Biblia hupewa kitu kitamu. Hufuata nyimbo, michezo, somo la Biblia na sala. Hakuna anayeingia bila ruhusa ya mzazi.

Shule ilikataa. Sera yake iliruhusu wakazi kutumia majengo kwa elimu, sanaa na ustawi wa jamii, lakini si kwa mambo ya dini. Maskauti walikuwa wakiingia, wavulana kwa wasichana, na kufundishwa maadili humo humo.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2001 klabu ikashinda kwa majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika hukumu, alisema shule iliyokwisha kuwafungulia wengine mlango ili wafunze watoto tabia njema haiwezi kumzuia mtu kwa sababu tu anaifunza tabia hiyo kupitia Biblia. Huko ni kubagua maoni, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao hayaruhusu serikali kufanya hivyo.

Naikubali hoja hiyo. Serikali ikishapewa mamlaka ya kupima imani ipi inafaa kusikika ndani ya jengo la kodi za wote, haitaishia kwa imani ya jirani.

Hata hivyo, maoni ya Jaji David Souter, mmoja wa wale watatu, hayasahauliki kirahisi. Souter hakuzungumza kwa nadharia, aliangalia saa. Klabu iliomba chumba kuanzia saa nane na nusu, wakati watoto bado wako shuleni kwa amri ya sheria, ili saa tisa kamili somo lianze. Akaangalia pia idadi: klabu ilipokuwa ikikutana kanisani, walikuja watoto wanane au kumi, ilipohamia shuleni, waliongezeka mara tatu. Mtoto wa miaka sita anayebaki kwenye jengo lile lile hana njia ya kujua kwamba mtu mzima aliye mbele yake sasa hajatumwa na mwalimu mkuu. Na klabu haikuwa inasimulia hadithi tu: ilikuwa ikiwaalika watoto ambao bado “hawajaokoka” wampokee Yesu.

Kwa wanafunzi wakubwa jambo hili lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya fursa sawa kwa shule za sekondari: shule inayopokea fedha za serikali kuu, ikiruhusu klabu moja ya wanafunzi isiyohusiana na masomo, isikatae nyingine kwa sababu ya dini, siasa au falsafa yake. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliithibitisha katika kesi ya wanafunzi Wakristo wa Omaha, Nebraska.

Waliopigania sheria hiyo kwa nguvu walikuwa Wakristo wahafidhina. Haikupita miaka mingi, wanafunzi wa sekondari ya East mjini Salt Lake City wakaishika sheria ile ile kuomba klabu ya mashoga, wasagaji na marafiki zao. Februari 1996 bodi ya elimu ya mji, badala ya kuwakubalia, ilipiga marufuku klabu zote zisizohusiana na masomo. Sheria iliiruhusu, maana kuwafungia wote si kubagua. Wanafunzi waliacha madarasa wakaandamana hadi makao ya serikali ya jimbo. Marufuku iliondolewa mwaka 2000, na kwa miaka ile klabu nyingi ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu zilikosa pa kukutania.

Ibada ya Jumapili ni suala jingine. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam aliyezoea kuliona kanisa changa likisali darasani huenda akashangaa kwamba kanisa moja la Bronx lilipambana na Jiji la New York mahakamani kwa takriban miaka ishirini kuhusu jambo hilo hilo. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliamua kwamba jiji linaweza kukataza ibada katika shule zake. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi. Utawala wa Meya Bill de Blasio haukuyafukuza makanisa.

Kisha ukaja mtihani mgumu zaidi. Tangu 2016 kundi liitwalo Satanic Temple, ambalo haliamini kwamba shetani yupo kweli, limekuwa likiomba vyumba palipo na klabu za Good News. Mwaka 2023 wilaya ya shule ya Saucon Valley, Pennsylvania, iliwapa kibali, vitisho vikaja hadi masomo yakasitishwa kwa siku moja, kibali kikafutwa. Jaji aliamuru warudishiwe nafasi. Wilaya ilikubali kulipa fidia ya dola 1 na dola 200,000 za mawakili.

Mzazi aliyekasirika Saucon Valley namwelewa. Lakini aliyeshangilia hukumu ya Milford hana haki ya kuilalamikia hii. Kinachobaki mikononi mwa bodi za shule za msingi ni masharti yanayomgusa kila mwombaji sawasawa, ambayo hukumu ya 2001 haikuyakataza: vikundi vya nje, maskauti wakiwemo, waanze baada ya watoto wote kwenda nyumbani, na atakayetaka kumleta mwanawe amrudishe mwenyewe kwa mkono wake.