Ugumu wa Springi Si Mshiko wa Tairi

Katika autokrosi dereva hushindana na saa. Njia ni fupi, imepangwa kwa koni za plastiki, na kona hufuatana bila kumpa mtu nafasi ya kutulia. Marekani, ambako Sports Car Club of America huuita mchezo huu Solo, watu hukimbia kwenye maegesho makubwa na viwanja vya ndege, juu ya lami au zege. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika moja, na kila koni inayoangushwa humwongezea dereva sekunde 2. Kenya autokrosi ni mchezo wa udongo na vumbi. Uingereza huendeshwa mashambani, mara nyingi juu ya majani. Hata hivyo, kote huko anayeanza hukimbilia hatua ileile: anashusha gari na kufunga springi ngumu kuliko zote alizozipata, kwa imani kwamba gari lisiloinama ndilo linaloshika. Imani hiyo imegeuza mambo juu chini. Kinachoshika ardhi ni tairi, na kazi ya saspensheni ni kulipatia kila tairi mzigo wake bila kulishtua. Ugumu ni gharama tunayolipa ili kupata faida fulani, na isipojulikana faida hiyo ni ipi, hakuna sababu ya kuilipa.

Tuchukue gari la kilo 1,300, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 50 kutoka ardhini, na magurudumu ya kushoto na ya kulia yakiwa yameachana kwa mita 1.5. Likipinda kwa nguvu inayolingana na uzito wake, mzigo unaohama upande wa ndani kwenda wa nje ni 1,300 mara 0.5 gawanya kwa 1.5, yaani kilo 433 hivi. Lilipokuwa limesimama, kila upande ulibeba 650. Sasa wa ndani umebaki na 217 na wa nje umefika 1,083. Ukiangalia hesabu hiyo, springi hazimo. Hata bodi lingekuwa jiwe lisiloinama hata nukta, kilo hizo zingehama vilevile, isipokuwa zingehama upesi zaidi. Kuinama kwa bodi ni jambo linaloonekana, kwa hiyo tunalilaumu. Kuhama kwa mzigo hakuonekani, na ndiko kunakopunguza mshiko, kwa sababu tairi lina tabia moja ambayo wahandisi wameipima kwa miongo mingi: ukiliongezea mzigo maradufu, mshiko wake huongezeka, lakini haufiki maradufu. Jozi ya matairi inayobeba mzigo kwa usawa hushika kuliko jozi ambayo tairi moja limeelemewa na lingine linaelea.

Springi na stebilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili kuzuia mwinamo, haziwezi kupunguza jumla ya mzigo unaohama, ila zinaamua ekseli ipi iubebe zaidi. Ukikaza nyuma, matairi ya nyuma yanapokea sehemu kubwa ya uhamisho huo na kupoteza mshiko, na ya mbele yanapata nafuu. Ndiyo maana gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele, ambalo kwa asili yake husukuma pua nje ya kona, hufungiwa stebilaiza nene ya nyuma hadi gurudumu la nyuma la ndani linanyanyuka hewani. Gurudumu hilo halisukumi gari, kwa hiyo hasara yake ni ndogo. Unene nao unahitaji heshima: ugumu wa stebilaiza hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne, hivi kwamba kutoka milimita 20 hadi 22, tofauti isiyoonekana kwa urahisi, ni ongezeko la asilimia 46.

Ugumu una faida yake ya kweli, nayo ni kulinda mlalo wa tairi, yaani pembe ambayo tairi husimama nayo juu ya ardhi. Subaru Impreza za vizazi viwili vya kwanza, ambazo Nairobi zina wapenzi wengi, zina strati ya MacPherson mbele na nyuma. Strati ni rahisi, nyepesi na imara, lakini bodi linapoinama, tairi la nje huinama nalo na kuanza kukanyaga kwa bega lake badala ya uso wake wote. Kuzuia mwinamo kwenye gari la namna hii kunalirudisha tairi usawa, na faida hiyo inaweza kuzidi hasara ya kuelemea ekseli. Hilo ndilo linaloeleza jambo linalowashangaza wengi: kuna magari ya strati ambayo stebilaiza nene ya mbele huyafanya yageuke vizuri zaidi, ingawa nadharia ya uhamisho peke yake ingetabiri kinyume. Lakini kama shida ni mlalo, kuna dawa ya bei ndogo. Liinamishe tairi kwa ndani upande wa juu kadiri marekebisho yanavyoruhusu, na sehemu kubwa ya kazi uliyotaka kuikabidhi springi imekwisha fanyika, bila gari kuwa gumu hata kidogo.

Mtetezi wa kushusha gari atasema hesabu yenyewe inampa haki, kwani kitovu kikiwa chini uhamisho unapungua. Ni kweli. Lishushe gari letu sentimita 3, na zile kilo 433 zinakuwa 407, nafuu ya asilimia 6. Ila kwenye strati, gari likishuka, mikono ya chini inalala kupita usawa wake, na nukta ambayo bodi huizunguka linapoinama inashuka zaidi ya kitovu cha uzito. Nguvu ya kuinamisha bodi inapata mkono mrefu zaidi, na gari lililoshushwa ili lisiiname linahitaji springi ngumu zaidi ili liiname kama zamani. Tena, nafasi ya gurudumu kusafiri juu na chini imepungua. Springi zilizokatwa kwa grainda, jambo linalofanyika katika gereji nyingi, huliacha gari karibu kabisa na vile vizuizi vya mpira vya kwenye shokapu. Katikati ya kona likifika hapo, ugumu unaruka ghafla, mzigo wa tairi la nje unapanda kwa kishindo, na upande huo wa gari unateleza bila kumwonya dereva. Anayelaumu tairi kwa kuteleza huko anamlaumu asiyehusika.

Hoja nzito zaidi ya wapenda ugumu ni kasi ya mwitikio. Kwenye mstari wa koni gari hubadili upande mfululizo, na gari laini huchelewa. Nakubali. Lakini kiungo kinachosimamia mwendo wa mzigo kutoka upande mmoja hadi mwingine ni shokapu kabla ya springi. Springi inasema bodi litainama kiasi gani mwishoni, shokapu inasema litafika hapo kwa kasi gani, na katika autokrosi gari halikai sana katika hali moja hata tukazungumzia mwisho. Sheria za daraja la Street huko Marekani zinatoa ushahidi mzuri: springi lazima zibaki za kiwandani, ila shokapu zinaruhusiwa kubadilishwa pamoja na stebilaiza moja, ya mbele au ya nyuma. Magari hayo hukimbia kwa kasi ya kuheshimika. Madaraja yenye springi huru yana kasi zaidi, lakini pamoja na springi yameruhusiwa pia rimu na matairi mapana, na asiyetenganisha mambo hayo huipa springi sifa ya tairi.

Wengine hutaja ugumu wa magari ya Formula 1, lakini mfano huo haufai hapa. Magari yale ni magumu kwa sababu hewa inayakandamiza, na sakafu yake lazima ibaki katika kimo kilekile ili hewa ifanye kazi. Nguvu ya hewa hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kwenye kona ya kilomita 60 kwa saa, bawa la nyuma linatoa moja ya tisa tu ya nguvu ambayo lingetoa kwenye 180.

Kwa mshindani wa Kenya kuna hesabu nyingine inayostahili kufanywa kabla ya kuagiza springi zilizopangwa kwa ajili ya zege la Marekani. Tuseme udongo unaruhusu mpindo wa sita ya kumi tu ya uzito wa gari. Uhamisho unashuka kutoka 433 hadi 260. Bodi litainama kidogo hata likiwa na springi laini, maana nguvu ya kuliinamisha ni ndogo, na sababu kuu ya ugumu imeondoka yenyewe. Imebaki hasara yake: ardhi ina mashimo na matuta, na springi ngumu hulitupa tairi hewani kila likigonga. Tairi lisilogusa ardhi halina mshiko hata kidogo. Huko, safari ndefu ya gurudumu ina thamani kuliko sentimita chache za kimo. Kuiga vipimo vya lami ni kumeza dawa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Kwa hiyo ningeanza na upepo wa matairi, kisha mlalo na uelekeo wake, halafu stebilaiza, baadaye shokapu, na springi mwisho. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike, kwa sababu muda wa dereva mwenyewe hutofautiana kwa sehemu ya sekunde kutoka mzunguko hadi mzunguko, na mabadiliko mawili ya pamoja hayatakuambia lipi limesaidia. Vifaa vya kupimia si ghali. Paka rangi nyeupe ya viatu kwenye bega la tairi, na baada ya mzunguko utaona limebiringika mpaka wapi: ikifutika hadi ubavuni, ongeza upepo au mlalo. Funga kamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, uisogeze hadi kwenye mwili wake, nayo itasukumwa na kubaki pale safari ilipokomea. Ikiwa haijakikaribia kizuizi cha mpira, na rangi ya viatu bado iko begani, springi za kiwandani hazijashindwa na kazi.