Tangi la Samaki Dukani Limegeuka Kijani? Soma Hapa Kabla Hujanunua Mla Mwani



Tangi la samaki ni tangazo usilolipia kila mwezi. Liweke saluni, mgahawani, duka la simu au mapokezi ya gesti, iwe Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Isingiro. Mteja anayesubiri zamu hachoki, na mtoto anamvuta mama yake aingie dukani. Lakini kioo kikishakuwa na utelezi wa kijani, tangazo linageuka. Mteja anajiuliza: kama hili limewashinda, jikoni kwao kukoje?

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kununua "samaki wa kufagia". Subiri kwanza. Ukichagua vibaya utapoteza hela, utaua samaki wengine, na unaweza kujitafutia ugonjwa. Kanuni ya leo ni moja tu: mla mwani alingane na lita za tangi lako, na abaki mdogo maisha yake yote.

1. PIMA TANGI LAKO

Chukua futi kamba. Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa sentimita, halafu gawanya kwa 1,000. Tangi la sm 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. Ukitoa mchanga na mawe, maji yanabaki kama lita 45. Hilo ni tangi dogo. Andika namba hiyo kwenye simu, uende nayo kwa muuzaji.

2. JUA MWANI WAKO NI UPI

• Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya: ni la kawaida, na mara nyingi huisha lenyewe baada ya wiki kadhaa. Usinunue kitu.
• Utando wa kijani kwenye kioo na mawe: huu unaliwa na konokono na samaki wanyonyaji.
• Nyuzi laini kama nywele: kamba wadogo na samaki aina ya moli wanasaidia.
• Maji yenyewe kuwa ya kijani kama supu ya mchicha: mnyonyaji hasaidii, kwa sababu yeye anakwangua, hachuji maji. Zima taa siku tatu, funika tangi kwa kitambaa ukiacha nafasi ya hewa, kisha badilisha sehemu ya maji.
• Ute wa kijani-bluu unaonuka: karibu hakuna anayeula. Utoe kwa mkono, punguza chakula, safisha mchanga.

Umeona? Kati ya hali tano, mbili tu ndizo za kununulia mnyama.

3. NANI ANAFAA LITA 45?

Konokono nerite. Huyu ndiye namba moja kwa tangi dogo. Ana sentimita mbili au tatu, anakwangua kioo usiku na mchana, na haleti jeshi la watoto kwa sababu mayai yake hayaanguliwi kwenye maji baridi. Kasoro yake ni vitone vyeupe vya mayai kwenye mawe. Wawili au watatu wanatosha. Funika tangi vizuri maana anapanda kioo na kutoka.

Kamba wadogo wekundu wa mapambo. Wana kama sentimita tatu, na wanavumilia ubaridi kuliko samaki wengi wa mapambo. Wanakula mwani laini na mabaki ya chakula. Lakini ukiwachanganya na samaki mkubwa, umemwandalia chakula cha mchana.

Moli na gapi. Ni samaki wa kawaida kwa wauzaji, na wanadonoa mwani. Shida yao ni kuzaa. Anza na wa jinsia moja, la sivyo baada ya miezi michache tangi limejaa, kinyesi kimejaa, na mwani umerudi na nguvu mpya.

4. NANI UMKATAE HATA AKIWA WA BEI CHEE?

Pleko wa kawaida. Dukani ana urefu wa kidole, mzuri, kabandika mdomo kwenye kioo. Akikua anapita sentimita 30. Ndani ya lita 45 atadumaa, atachafua maji kuliko wote, na mwisho atakufa. Yupo ndugu yake mdogo mwenye ndevu puani, anayeishia kama sentimita 12 hadi 15. Huyo ni mzuri, ila mpe tangi la lita 80 kwenda juu.

Mla mwani wa Kichina. Jina linavutia, lakini akikua anakuwa mkali, na anaweza kuacha mwani akaanza kunyonya ubavu wa samaki wenzake.

Mbuna wa Ziwa Nyasa na trofeusi wa Ziwa Tanganyika. Hawa ni fahari yetu, wanauzwa hadi nje ya nchi, na kweli wanakwangua mwani kwenye mawe. Ila wanagombania eneo. Wanahitaji tangi kubwa na kundi kubwa. Kwenye tangi dogo ni vita kila siku.

Sato mtoto. Mwani anakula, ila huyo ni wa bwawani. Anakua haraka, anachimba mchanga, anang'oa mimea.

5. KONOKONO WA BWAWANI: HAPANA!

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Mtu anaona konokono wa bure kwenye lambo au kinamasi, anasema si konokono tu? Hapana, ndugu yangu. Baadhi ya konokono wa maji baridi wanabeba vimelea vya kichocho. Vimelea vinatoka kwa konokono, vinaelea majini, vinapenya kwenye ngozi ya mtu. Wewe unayeingiza mkono kusafisha ndiye unayeambukizwa, au mtoto anayechezea maji. Anayebeba kichocho cha tumbo ana gamba bapa lililojikunja kama kamba, na anafanana sana na konokono fulani wa mapambo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Kwa hiyo nunua waliozalishwa kwenye matangi tu.

6. BARIDI YA KWETU NA SAFARI

Karagwe na Kyerwa ni nchi ya milima, usiku maji yanapoa. Wanyama wengi niliowataja wanataka nyuzi 22 hadi 26. Nunua kipimajoto cha tangi kwanza, ndipo uamue kama unahitaji kipasha maji. Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi na usilishe mpaka urudi.

Ukiagiza kutoka Mwanza au Dar, mfuko uwe na maji theluthi moja, hewa theluthi mbili, na usikae juani. Ukifika, uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20, kisha changanya maji kidogo kidogo. Ukipata bei nzuri ng'ambo ya Murongo au Mutukula, kumbuka kuingiza samaki hai nchini kunahitaji kibali. Muulize ofisa uvuvi wa halmashauri yako kabla hujalipa.

7. UKICHOKA NAYE, USIMTUPE MTONI

Mto Kagera unamwaga maji Ziwa Viktoria. Sangara alipandikizwa ziwani humo miaka ya 1950 na 1960, na furu wengi wakapotea, wakiwemo waliokuwa wakila mwani. Pleko waliotupwa na wafugaji wameshajizalia kwenye mito ya Marekani, Meksiko na Afrika Kusini. Ukimchoka, mrudishe kwa muuzaji au mpe mwenye tangi kubwa.

8. DAWA YA BURE KABLA YA YOTE

• Toa tangi kwenye jua la mlangoni.
• Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, basi.
• Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Waambie wahudumu na wateja wasirushe mikate.
• Kila wiki badilisha robo ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima.
• Kwangua kioo kwa kadi ya plastiki ya zamani. Sabuni marufuku!
• Dawa za samaki zenye shaba zinaua konokono na kamba. Soma karatasi ya dawa.

Fanya haya wiki tatu. Utando ukibaki, nunua konokono wawili. Ukiisha, hela yako imebaki mfukoni, na tangi jipya halihitaji mla mwani hata mmoja mpaka litulie mwezi hivi, maana atakufa njaa.

Na ukienda kwa muuzaji, muulize matatu: akikua anafika sentimita ngapi? Anazaa kwenye maji baridi? Alizalishwa wapi? Akibabaika, aga kwa heshima uondoke.

Mtumie mwenzako mwenye tangi dukani. Kazi njema!