Alitibiwa moyo ng'ambo, sasa anatema damu: si kila kikohozi ni TB

Tuseme mutu wa Manguredjipa ana moyo unaopiga ovyo, mara mbio, mara unaruka. Familia inachanga, anavuka mpaka wa Kasindi kwenda kutibiwa Nairobi ao hata India. Anarudi muzima, kila mutu anafurahi. Kisha miezi mitatu ao ine, pumzi inaanza kumukatika akipanda mulima, kikohozi hakiishi, na siku moja anaona damu katika makohozi. Kwetu huku, jibu la kwanza linajulikana: ni TB.

Inaweza kuwa TB kweli. Ugonjwa huo ni mwingi katika sehemu za machimbo, ambako watu wanalala wakibanana na kumeza vumbi. Kupima makohozi ni lazima. Lakini kama mutu huyo alifanyiwa ablasio, kuna jambo lingine la kuchunguza: mishipa ya mapafu kuwa myembamba.

Ablasio ni nini? Waganga wanapitisha waya mwembamba katika mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, na ncha yake inachoma kwa joto ao inagandisha kwa baridi. Mwaka 1998, munganga Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba umeme unaovuruga moyo mara mingi unaanzia katika mishipa inayotoa damu kwenye mapafu. Kwa kawaida mishipa hiyo ni ine, na inaleta damu safi katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kushoto. Njo maana wanachoma pale.

Kila aliyewahi kuungua na mafuta ya moto anajua namna kovu linavuta ngozi. Ndani ya mshipa ni vile vile: kidonda kinapona, kovu linakaza, njia inapungua. Damu inaendelea kuingia katika pafu lakini haitoki vizuri, inarundikana kama maji ya mufereji uliozibwa. Kutoka hapo kunakuja kukosa pumzi, maumivu ya kifua, "nimonia" inayorudi kila mara pahali pale pale, na kutema damu. Kama ni mshipa moja tu uliopungua, mugonjwa anaweza asisikie kitu, juu mingine inabeba kazi yake.

Zamani waganga walichoma ndani kabisa ya mishipa. Leo wanachoma nje, kuzunguka mlango wake, na shida hii imekuwa nadra. Kuna pia njia mpya ya kutumia mapigo mafupi ya umeme, ambayo inaacha mishipa salama zaidi. Nadra, lakini yule inayemupata anaweza kuteseka sana kwa kukosa mutu wa kuwaza juu yake.

Radio ya kifua haisaidii sana: inaonyesha doa jeupe linalofanana na nimonia ao TB. Ekografi ya moyo nayo inaweza kuonyesha kila kitu ni sawa. Kinachoonyesha vizuri ni skaneri yenye dawa ya kuchomwa katika mshipa. Kisha waganga wanaweza kupanua njia kwa puto ndogo, ao kuweka kibomba cha chuma kinachoishikilia wazi, ijapokuwa wakati mwingine inapungua tena. Mshipa uliozibika kabisa ni vigumu kuufungua, kwa hiyo kukawia kunaharibu.

Kusema kweli, wengi wanaougua moyo huku hawafiki kwenye ablasio. Kwa wengine, shida yao inatoka kwa maumivu ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, yakaharibu vali za moyo.

Kwa yule aliyeipata, karatasi za hopitali ya ng'ambo zisibaki ndani ya sanduku. Muuguzi wa kituo cha afya aambiwe mambo mawili: tarehe ya ablasio, na dawa anazomeza. Wengi wanapewa dawa za kuzuia damu kuganda. Kama ni warfarini, rifampisini, moja ya dawa za TB, inapunguza nguvu yake sana, na donge la damu linaweza kupanda kwenye ubongo. Kuiacha mwenyewe kwa kuogopa damu katika makohozi kuna hatari ileile. Munganga njo wa kuamua.