Damu ya Mgonjwa Yatoa Habari Gani?

Mgonjwa wa kifua afikapo hospitali hutolewa damu, na jamaa zake hunung'unika: "Twajua anakohoa, damu yatakiwa ya nini?" Yatupasa tulijibu swali hili, maana mgonjwa akinyimwa kipimo kwa shaka ya jamaa zake, mwenye kudhurika ni yeye.

Maradhi ya UVIKO-19 yalipozuka mjini Wuhan, nchini China, mwishoni mwa mwaka 2019, wagonjwa waliofanana kwa homa na kikohozi walitofautiana mwisho wao. Katika hospitali mbili za mji huo zilichunguzwa habari za wagonjwa 191: 137 walitoka, na 54 wakafariki. Waliofariki aghalabu walikuwa tangu kulazwa na kiasi kikubwa cha D-dimer, yaani vipande vibakivyo damu iliyoganda mwilini inapoyeyuka. Tena limfosaiti, walio askari wa mwili, zilikuwa zimepungua.

Alama nyingine ni CRP, protini itengenezwayo na ini kwa wingi mwili unapovimba ndani kwa kupigana na maradhi. Iligunduliwa New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia.

Faida yake ni nini? Katika uchunguzi wa Uingereza uitwao RECOVERY, uliotoa matokeo mwaka 2021, walichaguliwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliopungukiwa oksijeni na wenye CRP ya miligramu 75 au zaidi kwa lita. Kati ya kila 100 waliotibiwa kwa desturi, 35 walifariki katika siku 28. Kati ya kila 100 walioongezewa dawa ya tocilizumab, walifariki 31. Basi kipimo kilimsaidia daktari kujua nani apewe dawa.

Lakini damu haina elimu ya ghaibu. CRP hupanda hata kwa jeraha au baridi yabisi. D-dimer hupanda kwa uja uzito na kwa uzee. Ni onyo, wala si hukumu.

Enyi vijana msomao karatasi za maabara mbele ya wazee wenu, msimkatie mtu tamaa kwa tarakimu moja; mwulizeni daktari. Nanyi wazazi, mgonjwa akihema kwa shida, au midomo yake ikigeuka rangi, msingoje jibu la damu. Mpelekeni hospitali saa ile ile.