Tangi la matumbawe: Kipimo kipi cha chumvi kinafaa?

MATUMBAWE yanayofugwa katika tangi la kioo nyumbani yanaweza kufa polepole ndani ya maji yanayoonekana safi kabisa, kwa sababu tu chumvi imepanda au kushuka bila mwenyewe kujua.

Maji ya bahari kwa kawaida yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja. Kwa tangi la matumbawe, kiwango kinachofaa ni kati ya 34 na 36. Samaki wengi huweza kurekebisha chumvi iliyomo mwilini mwao, lakini matumbawe na viti vya pweza hawana uwezo huo. Maji yakibadilika ghafla, wao ndio huumia kwanza.

Mabadiliko hayo hutokea kila siku, kwani maji hugeuka mvuke na chumvi hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10, kiwango cha 35 hupanda hadi karibu 37. Ndiyo maana maji yaliyopungua hufidiwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kifaa cha bei nafuu zaidi ni haidromita ya mshale, kijisanduku cha plastiki ambacho mshale wake huinuka kadiri maji yanavyokuwa mazito. Kasoro yake ni kwamba mapovu madogo yakinata kwenye mshale huuinua kupita kiasi. Mfugaji hudhani chumvi imezidi, huongeza maji baridi, na kumbe anaipunguza chumvi iliyokuwa sawa.

Haidromita ya kioo inayoelea ni sahihi zaidi, ingawa huvunjika kwa urahisi. Kila moja hutengenezwa kwa joto maalumu, ambalo huandikwa juu yake. Maji yakiwa na joto zaidi ya hilo, itaonyesha chumvi pungufu. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji ya bahari huonyesha takriban 1.026.

Wafugaji wengi hupendelea rifraktomita, ambayo hupima jinsi mwanga unavyopinda ukipita katika matone machache ya maji. Hata hivyo, mnunuzi awe makini. Baadhi zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya mezani, wala si ya bahari. Kifaa cha aina hiyo kikipimiwa maji ya bahari ya 35 husoma takriban 36.5, hata kama kilirekebishwa vizuri kwa maji yaliyokenekwa. Dawa yake ni kukirekebisha kwa maji maalumu ya kupimia yenye chumvi ya 35.

Mita za kielektroniki hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji ya bahari ya 35 husoma milisimensi 53 kwa sentimita katika nyuzi 25. Usomaji huo hupanda kwa takriban asilimia mbili kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo mita inayofaa ni ile inayojirekebisha kwa joto.

Kwa mfugaji wa kawaida, rifraktomita ya maji ya bahari pamoja na chupa ya maji ya kupimia vinatosha. Tofauti ikionekana, irekebishwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na kifaa kihakikiwe kwanza kabla ya kuyagusa maji.