Gari Likivuja Oili, Anzia Pale Ulipofungua

Ndugu mkulima, wengi wenu katika skimu za makazi za pwani, tangu Mtwapa mpaka Magarini, mna gari la kupeleka maembe na nazi katika soko la Kongowea. Wengine hubadilisha oili na gasketi kwa mikono yenu wenyewe. Ni jambo jema, maana huokoa fedha. Lakini ukisimama kando ya njia hapo Mkomani, kisha ukaona doa jeusi chini ya gari, usilipuuze. Injini ikikosa oili, vyuma husuguana, hupata moto na kukwama. Gharama yake yaweza kumeza mavuno ya msimu mzima.

Fahamu kwamba oili hudanganya. Hutoka juu, hutambaa penye vyuma, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Pale inapodondokea huenda sipo penye kasoro. Basi fanya hivi:

1. Simamisha gari mahali tambarare, injini ipoe, kisha pima oili kwa kijiti chake. Ikipungua, ongeza kabla ya kuwasha. Ikipita alama ya juu, punguza.

2. Safisha injini kwa brashi, sabuni na maji kidogo, ukiepusha nyaya za umeme. Usitumie petroli, yaweza kuwaka. Ikikauka, nyunyiza poda nyeupe penye maungio. Washa injini dakika kumi, izime, umulike kwa tochi. Tafuta mahali palipolowa palipo juu kabisa. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

3. Anza na kile ulichofungua mwisho. Ulibadilisha filta? Huenda gasketi ya zamani imebaki imegandamana na injini, na mpya imekaa juu yake. Ulifungua kizibo cha sampu? Tazama washa yake. Ulitoa kifuniko cha valvu? Labda gasketi imekaa upande, au ulikaza bolti kupita kiasi mpaka bati likapinda. Bolti hukazwa kidogo kidogo, kwa zamu.

4. Tazama pia bomba la kupumulia la injini. Likiziba, hewa husukuma oili itoke penye gasketi nzima.

Oili ikitoka baina ya injini na gia, mwite fundi, maana huenda gia ikapasa kushushwa. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini papo hapo, hata kama soko li karibu.

Mwisho, oili chafu usiimwage chini. Mkomani na sehemu kubwa ya pwani ni mwamba wa matumbawe, hupitisha maji upesi mpaka visimani. Iweke katika debe lenye kifuniko, uwapelekee wanaokusanya oili chafu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.