Kabla ya Kutembea hadi Namugongo

Waswahili husema, tembea uone. Mpenzi msomaji, kila tarehe 3 Juni mahujaji humiminika Namugongo, Uganda. Wengi huenda kwa miguu, na baadhi hutoka hata huku kwetu Kenya. Ushauri wangu ni huu: ukifika Kampala, usikimbilie barabara. Tazama mji kwanza.

Anzia kilima cha Kasubi. Pale pana nyumba kubwa ya nyasi, iliyoungua mwaka wa 2010 kisha ikajengwa upya. Humo wamezikwa Makabaka wanne, mmoja wao Mwanga wa Pili. Huyu ndiye aliyeamuru Wakristo wauawe mwaka wa 1886, wengi wao vijana waliohudumu jumbani mwake, kwa kukataa kuiacha dini. Lo! Kumbe naye alibatizwa uhamishoni Shelisheli, akafia huko mwaka wa 1903!

Kisha nenda Munyonyo, kando ya ziwa, walikohukumiwa. Kutoka hapo walitembezwa wakiwa wamefungwa. Wengine waliuawa njiani; Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo.

Basi sasa anza safari. Miguu itauma, lakini naamini utajua unafuata nyayo za nani.